Wastani huficha mengi: Jinsi ya kujua mapato ya kaya ya kati mashambani

KILA mara bajeti ya kaunti inaposomwa, hakukosi takwimu ya kuonyesha kwamba hali ya wananchi imeimarika. Mara pato la kaunti limepanda, mara mapato ya kila mkazi yameongezeka. Mkulima wa ndengu kule Kathonzweni au mwenye duka la rejareja sokoni Wote husikia hayo, akatazama mfuko wake, kisha akajiuliza ni nani huyo aliyenufaika.

Swali lake ni la haki. Takwimu nyingi zinazotangazwa ni za wastani, na wastani haumjui mtu wa kawaida. Anayetaka kujua iwapo maisha mashambani yamebadilika katika miaka 10 au 15 iliyopita anafaa kuuliza kuhusu kaya ya kati: ile ambayo nusu ya kaya zote zinapata chini yake na nusu nyingine zinapata juu yake.

Makala haya yanatumia Kaunti ya Makueni kama mfano kwa sababu ni eneo la mashambani hasa, lenye wakulima wadogo wa mahindi, ndengu, mbaazi, kunde na maembe, na kwa sababu historia yake ya kiuchumi imechunguzwa kwa miongo mingi. Hata hivyo, hesabu zenyewe zinaweza kufanywa Kitui, Siaya au Nyandarua.

Foleni ya kaya 11

Chukua kijiji cha kubuni chenye kaya 11. Zipange foleni kuanzia yenye mapato madogo zaidi hadi yenye makubwa zaidi. Tuseme kwa mwezi zinapata Sh4,500, Sh6,000, Sh7,000, Sh8,500, Sh9,000, Sh10,500, Sh12,000, Sh14,000, Sh16,000, Sh22,500 na ya mwisho, ya mfanyabiashara mwenye malori, Sh110,000.

Jumla ni Sh220,000. Ukigawa kwa 11, wastani ni Sh20,000. Lakini kaya ya sita, iliyo na tano mbele yake na tano nyuma, inapata Sh10,500 tu. Kaya tisa kati ya 11 haziufikii huo unaoitwa wastani.

Sasa tuseme mwaka unaofuata mwenye malori anapata kandarasi na mapato yake yanafika Sh165,000 huku wengine wote wakibaki walivyokuwa. Wastani utapanda hadi Sh25,000, yaani ongezeko la asilimia 25. Mwanasiasa atasimama jukwaani na kujipigia debe, naye hatakuwa amesema uongo. Kaya ya kati bado itakuwa pale pale kwenye Sh10,500.

Kwa mwenye duka, tofauti hii ni ya kufa na kupona. Akiagiza bidhaa kwa kuamini kuwa wateja wake wana Sh20,000 kwa mwezi, mali itamlalia. Mteja wake wa kila siku ni yule wa Sh10,500.

Takwimu hutoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni pato la kaunti. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilitoa ripoti yake ya kwanza ya pato la kaunti zote 47 mwaka 2019. Kipimo hiki huhesabu thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa ndani ya mipaka ya kaunti. Kinafaa kuonyesha ni sekta zipi zinazobeba uchumi, lakini hakisemi pesa zililala mfukoni mwa nani.

Kiwanda kikiwa ndani ya kaunti, uzalishaji wake huandikwa hapo hata kama faida yote inaelekea Nairobi. Kwa upande mwingine, kijana aliyeajiriwa Mombasa akimtumia mamake Sh3,000 kila mwezi kwa simu, pesa hizo hulisha kaya kijijini ilhali hazimo katika pato la kaunti. Ukigawa pato la kaunti kwa idadi ya wakazi, unachopata ni wastani wa uzalishaji. Kipimo hicho kiko mbali na mapato ya kaya ya kati.

Chanzo cha pili, ambacho ndicho bora, ni utafiti wa kaya wenyewe. KNBS ilifanya utafiti mkubwa wa bajeti za kaya kuanzia Mei 2005 hadi Mei 2006, ukilenga kaya 13,430. Mwingine ulifanywa kuanzia Septemba 2015 hadi Agosti 2016, safari hii ukilenga kaya 24,000. Tangu 2019 shirika hilo limekuwa na mpango wa utafiti wa kila mara, ambao umetupa takwimu za miaka kama 2021 na 2022.

Katika kukadiria umaskini, tafiti hizi hutegemea matumizi ya kaya kuliko mapato. Sababu ni rahisi. Muulize mkulima alipata shilingi ngapi mwaka jana, naye atakumbuka gunia la ndengu alilouza lakini atasahau mayai, kuni, vibarua vya siku mbili na maziwa yaliyonywewa nyumbani. Muulize familia yake ilikula nini wiki iliyopita, atakuambia bila kusitasita. Aidha, mapato ya mkulima hupanda na kushuka kwa misimu, lakini matumizi huwa na utulivu kiasi kwa sababu watu hula kila siku.

Njia ya mkato ya kumpata wa katikati

Mkulima au mfanyabiashara hana haja ya kusubiri mtaalamu amtangazie takwimu ya kati. Kiwango cha umaskini peke yake kinaweza kumwonyesha mtu wa katikati amesimama wapi.

Katika utafiti wa 2015/16, mstari wa umaskini mashambani uliwekwa kwenye Sh3,252 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Aliyetumia chini ya hapo alihesabiwa kuwa maskini. Makueni ilikuwa na asilimia 34.8 ya wakazi chini ya mstari, ilhali kiwango cha kitaifa kilikuwa asilimia 36.1. Kwa kuwa waliokuwa chini hawakufika nusu, mkazi wa katikati alikuwa juu ya mstari huo.

Linganisha na Busia, ambako asilimia 69.3 walikuwa chini ya mstari, au Turkana, asilimia 79.4. Huko mtu wa katikati mwenyewe alikuwa maskini. Kwa mwuzaji wa mbegu au mtoaji wa mikopo, hilo ni jambo zito kuliko orodha yoyote ya pato la kaunti.

Isitoshe, utafiti wa 2005/06 ulionyesha kwamba karibu nusu ya Wakenya wa mashambani walikuwa chini ya mstari, ambao wakati huo ulikuwa Sh1,562. Maana yake ni kwamba mkazi wa kawaida wa mashambani, nchi nzima, alikuwa amesimama karibu juu ya mstari wenyewe, akiishi kwa takriban Sh1,562 kwa mwezi. Kufikia 2015/16 alikuwa amejiondoa hapo kidogo, kwani maskini wa mashambani walikuwa asilimia 40.1.

Mitego ya kulinganisha miaka

Kupata takwimu ya mwaka mmoja ni kazi ndogo. Kulinganisha miaka ndiko kunakowaangusha wengi, na mitego ni mitano.

Mtego wa kwanza ni bei. Mstari wa umaskini mashambani ulitoka Sh1,562 mwaka 2005/06 hadi Sh3,252 mwaka 2015/16, na kufikia 2021 ulikuwa Sh3,947. Kwa kuwa mstari huu hufuata gharama ya chakula na mahitaji mengine ya lazima, unaweza kutumika kama mizani. Kaya iliyokuwa ikipata Sh10,000 mwaka 2005/06 ilihitaji kama Sh20,800 miaka 10 baadaye, na kama Sh25,300 mwaka 2021, ili tu kubaki ilipokuwa. Anayejigamba kwamba mapato yake yamezidi maradufu tangu wakati huo hajapiga hatua; amekimbia na kubaki mahali pamoja.

Mtego wa pili ni ukubwa wa kaya. Kaya ni watu wanaopika na kula pamoja. Katika sensa ya 2009, kaya ya Kenya ilikuwa na wastani wa watu 4.4, katika ile ya 2019, watu 3.9. Makueni nayo iliongezeka kutoka wakazi 884,527 hadi 987,653 katika kipindi hicho.

Fikiria kaya ya watu sita yenye mapato ya Sh18,000. Kifungua mimba anaoa na kujenga nyumba yake, akiondoka na Sh6,000 anazopata kwa vibarua. Sasa daftari lina kaya mbili, moja ya Sh12,000 na nyingine ya Sh6,000. Hakuna aliyepoteza hata shilingi moja, lakini mapato ya kaya ya kati ya kijiji yanaweza kushuka. Anayeangalia kaya pekee bila kuhesabu midomo inayolishwa atalia umaskini usiokuwepo.

Ndiyo maana watakwimu nchini hawahesabu vichwa tu. Mtoto wa chini ya miaka mitano huhesabiwa kama 0.24 ya mtu mzima, wa miaka mitano hadi 14 kama 0.65, na wa miaka 15 kwenda juu kama mtu mzima kamili. Kaya yenye baba, mama, nyanya, watoto wawili wa shule ya msingi na mmoja wa miaka mitatu ina watu sita, lakini kwa hesabu hii ni watu wazima 4.54. Ili kuvuka mstari wa umaskini, kaya hiyo ilihitaji takriban Sh7,090 kwa mwezi mwaka 2005/06, Sh14,760 mwaka 2015/16 na Sh17,920 mwaka 2021.

Mtego wa tatu ni msimu. Ukambani hutegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba. Ukienda kuhoji watu Februari, ndengu zimevunwa na maembe bado yanauzwa, utakuta kila mtu ana pesa. Rudi Novemba, ghala ni tupu na kaya inanunua unga kwa gorogoro. Ndiyo sababu tafiti za 2005/06 na 2015/16 zilienea mwaka mzima. Anayelinganisha Februari ya mwaka mmoja na Novemba ya mwingine analinganisha kalenda wala si maisha.

Mtego wa nne ni mifugo. Mwaka wa ukame mfugaji huuza ng'ombe watatu ili anunue chakula na kulipa karo. Ukihesabu pesa taslimu pekee, kaya hiyo itaonekana imepata mapato makubwa mwaka ambao kwa hakika imefilisika. Kuuza mfugo wa kuzalisha ni kula akiba. Maziwa, mayai na ndama wanaouzwa bila kupunguza kundi ndiyo mapato. Makueni, kama kaunti nyingine za maeneo kame, haina budi kuzingatia tofauti hii, hasa kwa miaka ya 2020 hadi 2022 ambapo misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika katika sehemu kubwa ya maeneo hayo.

Mtego wa tano ni mwaka wa kuanzia. Anayetaka kukufurahisha atachagua mwaka mbaya awe mwanzo, na anayetaka kukutisha atachagua mzuri. Umaskini nchini ulishuka kutoka asilimia 46.6 mwaka 2005/06 hadi asilimia 36.1 mwaka 2015/16, kisha ukawa asilimia 38.6 mwaka 2021 na asilimia 39.8 mwaka 2022. Ukianzia 2005 habari ni njema. Ukianzia 2015 ni mbaya. Zote ni kweli, na mwaka 2021 wenyewe ulikuwa bado umebeba makovu ya Covid-19 na mwanzo wa ukame. Mkulima wa maembe naye akumbuke kwamba Kenya ilisitisha kuuza maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, na mauzo yakarejea 2021. Mwaka wowote ndani ya kipindi hicho una bei zilizoumbwa na marufuku.

Kuna jambo jingine dogo lenye uzito. Kaya 24,000 zikigawanywa kwa kaunti 47 ni kama kaya 510 kwa kila kaunti. Hiyo ni sampuli ya kutosha kuonyesha tofauti kati ya Makueni na Turkana. Haitoshi kuapa kwamba kaunti imepiga hatua kwa sababu takwimu imesogea kwa asilimia mbili. Tena utafiti wa 2005/06 ulifanywa wakati kaunti hazijazaliwa. Hizo zilikuja na Katiba ya 2010. Kabla ya kulinganisha, hakikisha eneo linalozungumziwa ni lile lile.

Somo kutoka Machakos ya zamani

Hadi 1992, Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Mwaka 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichowashangaza wengi kuhusu wilaya hiyo. Katika miaka ya 1930, maafisa wa kikoloni walikuwa wameiona Machakos kama nchi iliyokuwa ikifa kwa mmomonyoko wa udongo. Watafiti hao walionyesha kuwa kufikia mwisho wa miaka ya 1980, ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, mashamba yalikuwa na matuta na miti, na thamani ya mazao kwa kila mkazi ilikuwa imepanda takriban mara tatu.

Ni habari ya kujivunia. Lakini "kwa kila mkazi" ni wastani. Mwaka 1999, mtafiti John Murton alichapisha uchunguzi wake kuhusu kaya za wilaya hiyo hiyo na kuonyesha kwamba manufaa hayakuenea sawa. Waliokuwa na mishahara au biashara nje ya shamba ndio waliopata pesa za kuboresha mashamba yao na kuongeza ardhi. Waliotegemea shamba dogo na vibarua waliachwa nyuma.

Hakuna aliyemkanusha mwenzake. Wa kwanza walipima jumla na kuigawa. Wa pili aliitazama foleni. Anayetaka kutabiri mapato ya kaya ya kati Makueni leo anafaa kuanza na jambo hilo: ni kaya ngapi zina mtu mmoja anayepata pesa nje ya shamba? Mkulima mwenye mwana mwalimu hununua mbegu iliyoidhinishwa mvua inapoanza. Jirani yake mwenye ekari hizo hizo husubiri kibarua, hupanda akiwa amechelewa, na huvuna kidogo. Udongo wao ni mmoja, foleni yao ni tofauti.

Pima kijiji chako

Chama cha ushirika, kikundi cha akina mama au mfanyabiashara anayetaka kufungua duka la pembejeo anaweza kupata kadirio zuri bila gharama kubwa.

Kwanza, andika orodha ya kaya zote za eneo kwa msaada wa mzee wa kijiji. Usiende kwa zile zilizo kando ya barabara tu, maana hizo mara nyingi ndizo zenye uwezo. Tia namba kwenye karatasi, changanya, chomoa 40 au 50.

Pili, kwa kila kaya uliza mambo matano: mauzo ya mazao na mifugo, chakula cha shambani kilicholiwa nyumbani, vibarua na mishahara, faida ya biashara, na pesa zilizotumwa na jamaa. Chakula cha nyumbani kipe bei ya shambani. Tuseme gunia la mahindi la kilo 90 ni Sh3,000. Kaya iliyokula magunia sita ya shamba lake imepata Sh18,000 kwa mwaka, sawa na Sh1,500 kila mwezi, hata kama haikushika noti.

Tatu, ondoa gharama: mbegu, mbolea, dawa, vibarua, magunia na nauli ya kufikisha mazao sokoni. Mauzo si mapato. Aliyeuza maembe ya Sh60,000 akiwa ametumia Sh25,000 kwa dawa na wachumaji amepata Sh35,000.

Nne, gawa kwa watu wazima kwa hesabu tuliyoonyesha, panga foleni na umtafute wa katikati. Wakiwa 50, chukua wa 25 na wa 26, jumlisha na ugawe kwa mbili.

Tano, rudia miezi ile ile, mwaka baada ya mwaka, kwa kaya hizo hizo pamoja na zile zilizozaliwa kutoka kwazo. Kaya iliyohamia mjini iandike imehama; usiifute kimyakimya, kwa maana mara nyingi wanaohama si wale wa katikati.

Pesa zinazofuata takwimu

Kwa nini mkulima ajisumbue na haya yote? Kwa sababu pesa za umma hufuata takwimu. Katika fomula ya tatu ya kugawa fedha kati ya kaunti, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 baada ya mvutano wa muda mrefu, umaskini ulipewa uzito wa asilimia 14 na kilimo asilimia 10. Makosa katika kukadiria hali ya kaya hubadilisha mgao wa dawa hospitalini na barabara ya kufikisha maembe sokoni.

Ndani ya kaunti mambo ni yayo hayo. Wastani ukionyesha kuwa wadi fulani inafanya vizuri kwa sababu ina mji wa barabara kuu kama Emali, vijiji vya ndani ya wadi hiyo vinaweza kunyimwa mradi wa maji. Kwenye vikao vya umma vya kujadili bajeti, mkulima ana haki ya kuuliza: takwimu hii ni ya wastani au ya kaya ya kati? Imeondolewa mfumko wa bei? Chakula cha nyumbani kimehesabiwa? Ilipimwa mwezi gani, na kaya ngapi zilihojiwa?

Afisa anayejua kazi yake atajibu maswali hayo kwa dakika tano. Asiyeweza kuyajibu hapaswi kupitishiwa bajeti inayoegemea takwimu hiyo hadi atakapoleta majibu.